Kombe la fantasi halitoki vizuri kwenye picha: dalili, sababu na dawa yake

Ligi yetu ya fantasi hapa Mwanga, Kigoma, yaani mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanavyocheza uwanjani, ina kombe moja tu, nalo ni la kuzunguka. Bingwa anakaa nalo mwaka mzima, Mei inayofuata analirudisha likiwa na kibati chenye jina lake, na kuanzia siku hiyo kinachobaki nyumbani kwake ni picha. Sasa mtu amehangaika raundi 38, amepanga wachezaji 15 ndani ya pauni milioni 100 bila kuzidisha watatu wa timu moja, amewashinda wenzake wote, halafu picha aliyobaki nayo inaonyesha doa jeupe lenye masikio mawili. Inauma. Kombe hulala kwangu msimu unapoisha, na picha ikiharibika ni mimi ninayepigiwa simu, kwa hiyo malalamiko haya nayafahamu moja moja. Mengi ni yale yale kila mwaka.

Nimeyapanga kwa dalili, kwa namna watu wenyewe wanavyoyasema. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana ndiyo inayotangulia, na kipimo chepesi kiko kabla ya kazi nzito. Penye neno SIMAMA, simama kweli.

Kabla hujashika simu, weka hili kichwani: kombe linalong'aa ni kioo kilichopinda. Halina sura yake, linarudisha kila kilichosimama mbele yake. Ndiyo maana dawa nyingi hapa zinafanywa kwa shuka, kiti na hatua mbili za kurudi nyuma. Mipangilio ya simu inafuata baadaye.

"Tumempiga picha mtu siye"

Naanza na hili kwa sababu hakuna kamera inayolitibu. Mechi zote 10 za raundi ya mwisho huanza kwa pamoja, kwa kawaida Jumapili saa 10 jioni ya Uingereza, ambayo mwezi Mei ni saa 12 jioni kwetu. Zinakwisha kama saa 2 usiku. Banda umiza, kibanda tunakotazamia mpira, linalipuka, kombe linatolewa kwenye boksi, na mtu anabebwa juu.

Mwaka mmoja tulimbeba kaka mmoja kutoka mtaa wa Gungu aliyekuwa mbele kwa pointi moja. Picha kama 40 zilipigwa. Bonasi zilipoingia, mpinzani wake akapata pointi 3 na kumpita kwa 2. Yule kaka alilishusha kombe mezani taratibu, akalifuta alama za vidole vyake kwa fulana, akaenda kukaa nje. Sitaki kuona tena jambo kama lile.

Sababu ya kwanza ndiyo hiyo, haraka. Wachezaji watatu bora wa kila mechi hupewa bonasi ya 3, 2 na 1, na jedwali ulilokuwa ukilitazama mpira ukiendelea huenda halijazihesabu. Sababu ya pili ni benchi. Mchezaji wako ambaye hakucheza hata dakika moja hubadilishwa na aliye benchi baada ya raundi kukamilika, na nahodha asipocheza kabisa, makamu wake ndiye anayezidishiwa pointi mara mbili. Ya tatu ni nadra lakini huzua ugomvi mkubwa: kufungana pointi. Hapo anayekaa juu ni aliyefanya uhamisho mchache zaidi msimu mzima, na uhamisho wa Wildcard au Free Hit, zile kadi maalumu za kubadili kikosi chote bure, hauhesabiwi.

Kipimo: fungua jedwali la ligi yenu lenyewe, si picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Kama bado linabadilika, subiri. Kama wawili wamelingana, linganisheni idadi ya uhamisho mbele ya mashahidi.

SIMAMA: usimpelekee fundi kibati akichonge jina usiku huo au kesho yake alfajiri. Jina lililochongwa halifutiki.

Na kwa kuwa nimegusa saa, niseme na hili ingawa si la picha. Dirisha la kubadili kikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa 6:30 mchana kwao, wakati wa baridi inakufungia saa 8 mchana hapa kwetu. Jumapili ya mwisho ya Machi wao wanasogeza saa zao mbele, na dirisha lile lile linakufungia saa 7. Kila Aprili kuna mtu analalamika kuwa "mtandao umekataa kubadili nahodha". Mtandao haujakataa. Amechelewa kwa saa nzima, tena kwenye raundi zinazoamua kombe.

"Nimetokea ndani ya kombe"

Hii ndiyo malalamiko mama. Unalitazama kombe kwenye picha, tumboni mwake unamkuta mpiga picha na jezi yake, bati la jirani, viti vya plastiki na mtoto ameshika muwa.

Mara nyingi mkosaji ni mpiga picha mwenyewe. Amesogea karibu mno, na amevaa jezi. Nyekundu ya Simba au njano ya Yanga inamwagika kwenye chuma chote, mpaka kombe la fedha linaonekana limepakwa rangi. Sababu ya pili ni vitu vyenye mwanga mkali vilivyo nyuma ya mpiga picha: dirisha, mlango ulio wazi, ukuta mweupe unaopigwa na jua. Ya tatu ni vitu vilivyo pembeni, ambavyo huvioni kwenye fremu lakini kombe linaviona.

Anza na kipimo ambacho hakihitaji simu. Simama mahali utakapopigia, funga jicho moja, ulitazame tumbo la kombe polepole kuanzia juu hadi chini kwenye kitako. Kila unachokiona kimejichora pale kitakuwa kwenye picha. Ondoa kinachoondoka. Vaa nguo isiyo na rangi kali wala maandishi. Mimi huvaa shati la kijivu. Kisha rudi nyuma hatua mbili au tatu na uvute picha mara mbili (zoom ya 2x) kwenye simu. Utabaki ndani ya kombe, lakini utakuwa mdogo kama punje ya mchele, na jicho la mtazamaji halitakwenda pale.

Watu wengi hulizungusha kombe wakidhani wataipata pembe isiyo na kivuli chao. Kwa kombe la duara kazi hiyo ni bure. Tumbo lililovimba linaona karibu pande zote kwa wakati mmoja. Ukilizungusha, yanayohama ni masikio na maandishi tu. Wengine huweka miwani ya jua ya polaroidi mbele ya lenzi. Miwani hiyo hupunguza mng'ao wa maji au wa kioo cha dirisha, lakini mng'ao wa chuma kitupu hauondoi.

Ukitaka picha safi kabisa, ya kuweka kwenye fremu ukutani, jenga kibanda. Mimi hutumia baraza la nyumba upande usiopigwa na jua. Naweka stuli katikati, juu yake kitambaa cheusi kisichong'aa, na kombe juu ya kitambaa. Viti viwili vinasimama kulia na kushoto, shuka jeupe lisilo na maua linatandwa juu yake kama chandarua, linashuka pande zote mpaka chini. Mwanga unapenya kwenye shuka na kumwagika laini bila kuacha doa. Upande wa mbele naziba kwa karatasi ya manila nyeupe, na katikati ya manila nimekata tundu la ukubwa wa sarafu. Lenzi inachungulia hapo. Kombe sasa linaona weupe kila upande, na wewe umebaki nukta moja nyeusi, ambayo ukiielekeza kwenye mchongo wa maua au kwenye shingo ya kombe haionekani kabisa.

Hapo lakini kuna mtego. Kombe lililozungukwa na weupe mtupu hutoka bapa, kama limekatwa kwenye plastiki, kwa sababu chuma tunakitambua kwa giza lake kama tunavyokitambua kwa mng'ao wake. Chukua vipande viwili vya boksi, vipake masizi au uvifunike kwa kitambaa cheusi, uvisimamishe ndani ya kibanda kulia na kushoto, nje kidogo ya fremu. Kingo za kombe zitachorwa na mstari mweusi, na utaona uzito wake umerudi. Vipande hivyo viwili vya boksi ndivyo ninavyovipenda kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii.

SIMAMA kama picha inakwenda kwenye bango kubwa au kalenda ya wadhamini. Mpeleke bingwa na kombe kwa mpiga picha wa studio mwenye taa zake. Kibanda cha shuka na simu kinatosha kwa fremu ya ukutani na kwa kundi, lakini bango la mita mbili litakuaibisha.

"Kuna doa jeupe, jina halionekani"

Karibu kila mara ni flashi. Usiku wa ushindi simu inaona giza, inajiwashia taa yenyewe, na ile taa inagonga chuma na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Hakikisha flashi umeizima kabisa, usiiache kwenye hali ya kujiwasha.

Kama flashi imezimwa na doa bado lipo, tafuta jua. Hapa Kigoma saa zetu ni za nchi nzima ila jua ni letu: tuko magharibi ya mbali, kwa hiyo linakuja kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Mwezi Mei linachomoza karibu saa 1 asubuhi, linafika utosini karibu saa 7 mchana, na kuzama karibu saa 1 usiku. Ushauri wa kupiga picha saa 12 na nusu asubuhi kwa ajili ya mwanga laini utakukuta gizani. Kwetu mwanga mzuri wa asubuhi ni kuanzia saa 1 na robo hadi saa 2 na nusu, na wa jioni ni saa 12 hadi jua lizame. Kati ya saa 4 na saa 10, ingia kwenye kivuli: chini ya baraza, au upande wa ukuta ambao jua halijaufikia.

Sababu ya tatu ni simu kupima mwanga vibaya. Gusa kombe kwenye kioo cha simu. Katika simu nyingi inatokea alama ndogo ya jua. Iburute chini mpaka uone mchongo umeanza kurudi ndani ya lile doa. Afadhali picha iwe na giza kidogo, maana giza unaweza kulipandisha baadaye. Mahali palipoungua na kuwa peupe hapana kitu cha kurudisha.

"Ziwa limetoka zuri, kombe limetoka jeusi"

Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania ilichezwa hapa hapa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakaifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Mimi nina hakika mkao wa mabingwa wetu umetoka siku ile, kwa sababu kila mmoja anataka kuinua kombe juu ya kichwa na ziwa liwe nyuma yake. Sawa kabisa, lakini ziwa liko magharibi. Jioni jua linazama upande wa Kongo, anga na maji vyote vinawaka, na simu inapima mwanga ule na kuamua kupunguza kila kitu. Bingwa anakuwa kivuli na kombe linakuwa kivuli.

Dawa nyepesi ni kwenda asubuhi. Jua likiwa linatoka nyuma ya vilima vya mji linampiga bingwa usoni na kulimwagikia ziwa pia. Kama ni lazima jioni, gusa kombe kwenye kioo cha simu, bonyeza na ushikilie ili kipimo kisihame, kisha pandisha mwanga kidogo. Dawa ya ndani zaidi: mtu mmoja asimame kando ya bingwa, nje ya fremu, ameshika manila nyeupe au shuka lililokunjwa, alielekeze juani mpaka mwanga urudi kwenye uso na kwenye kombe. Utashangaa karatasi ya bei ndogo vile inavyofanya kazi ya taa.

Kama huoni mwanga ukirudi, sogeza karatasi karibu zaidi. Kosa ni umbali.

Na ukitaka jengo la stesheni ya reli au bandari liwe nyuma ya bingwa, omba ruhusa kwa walinzi kwanza. SIMAMA ukikataliwa, usijaribu kupiga kwa kujificha.

"Kombe limetoka la kijani" au "fedha imekuwa dhahabu"

Chuma kinaiba rangi ya mahali. Chini ya mwembe, na Ujiji miembe ipo ya kutosha, kombe linanyonya kijani cha majani yote. Ndani ya chumba kilichopakwa rangi ya waridi, linakuwa la waridi. Sababu ya pili ni taa za aina mbili kwa pamoja: balbu ya njano darini na mwanga wa mchana unaoingia dirishani. Simu inachanganyikiwa, inasahihisha upande mmoja na kuharibu mwingine.

Zima taa zote, ubaki na dirisha tu. Au funga mapazia ubaki na taa tu. Kama rangi bado si yenyewe, piga picha moja ya karatasi nyeupe mahali pale pale, kisha katika programu ya kuhariri rekebisha ubaridi na joto la rangi mpaka karatasi iwe nyeupe, na uyahamishie marekebisho hayo kwenye picha ya kombe.

"Ina ukungu"

Futa lenzi. Naliandika kwa upole lakini nalirudia: futa lenzi. Sherehe zetu zina mgebuka wa kukaanga, zina mawese, na simu inapita mikono kumi kabla ya kufika kwa anayepiga. Tone la mafuta juu ya lenzi huzifanya taa zote ziote nywele na kombe liwe kama liko ndani ya moshi. Pumulia lenzi, futa kwa kitambaa laini cha miwani au ncha ya fulana safi ya pamba. Usitumie mchanga wala karatasi ngumu ya boksi.

Kama lenzi ni safi, sababu inayofuata ni mkono kutikisika, hasa usiku. Egemeza simu kwenye meza au kwenye tofali, tumia kipima muda cha sekunde 3, uondoe mikono.

Sababu ya tatu wengi hawaijui. Simu inaweza kulenga picha iliyomo ndani ya kombe badala ya kombe lenyewe. Ile sura yako unayoiona tumboni, kwa lenzi iko mbali zaidi kuliko uso wa chuma, kwa hiyo ikilenga sura, mchongo unakuwa ukungu. Gusa mahali penye maandishi, au kwenye ukingo wa sikio la kombe, mahali penye mstari unaoshikika. Na kama umesogea chini ya shubiri moja, rudi nyuma. Lenzi kuu za baadhi ya simu haziwezi kulenga karibu hivyo.

SIMAMA kama ukungu unaonekana ndani ya kioo cha lenzi, chini yake, na haufutiki. Unyevu umeingia. Usifungue mwenyewe kwa kisu. Mpelekee fundi simu.

"Maandishi hayasomeki"

Kibati kilichochongwa kinahitaji mwanga wa ubavuni. Ukimulika kwa mbele, mifereji ya herufi inajaa mwanga sawasawa na uso wake, na jina linazama. Weka kombe karibu na dirisha, kibati kitazame sambamba na ukuta wa dirisha, mwanga uteleze juu yake kutoka upande mmoja. Herufi zitaota vivuli vyake na kusomeka hata kwa mbali. Usiku, tochi ya simu ya pili ikishikwa chini kabisa ubavuni, na karatasi nyembamba nyeupe mbele yake kulainisha, inafanya kazi hiyo hiyo.

Kwa vibati vya zamani vilivyochakaa, piga kila kimoja peke yake. Tuna kibati cha bingwa wetu wa kwanza ambacho sasa kinasomeka kwenye picha kuliko kwenye kombe lenyewe.

"Jedwali kwenye simu limetoka jeupe" na "kuna mistari myeusi"

Bingwa hupenda kushika kombe mkono mmoja na mkono wa pili simu yenye jedwali la mwisho. Ni mkao mzuri, unabeba ushahidi wake. Jedwali likitoka jeupe tupu, punguza mwanga wa ile simu mpaka karibu na chini kabisa, au nendeni kwenye kivuli cha mchana ambako mwanga wa kioo na wa mazingira unakaribiana. Likitoka na mawimbi ya rangi, sogea nyuma au inamisha simu kidogo.

Mistari myeusi inayokata picha nzima ni ya balbu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Badilisha balbu au subiri asubuhi. Katika mipangilio ya kamera, simu nyingine zina sehemu ya kuzuia kupepesa. Chagua 50 badala ya 60.

"Kombe lina kichwa kikubwa na kitako kidogo"

Umetumia lenzi pana, na umesogea. Rudi nyuma, vuta mara mbili, shusha simu iwe usawa wa katikati ya kombe. Basi.

"Kwangu ni nzuri, kwenye kundi ni mbovu"

WhatsApp huibana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Itume kama hati, au chagua ubora wa HD kabla ya kutuma. Kwa steshenari ya kuchapisha peleka faili la asili, usipeleke ile iliyopita kwenye kundi ikarudi.

"Simu imeanguka ziwani tukipiga picha"

Hili limetokea Kibirizi, kwenye ukingo wa boti. SIMAMA hapo hapo. Izime, usijaribu kuiwasha "kuona kama ni nzima", na usiichomeke kwenye chaji. Toa laini na memori kadi, futa maji ya nje, ishike tundu la chaji likiwa chini. Usiifukie kwenye mchele, vumbi lake linaingia kwenye matundu, na usiianike juani wala kuipuliza kwa hewa ya moto. Mpelekee fundi wa simu ikiwa imezimwa. Ikianza kuvimba mgongo, usiibonyeze wala kuitoboa. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na umwite fundi aje aione.

Kombe likianguka majini, usimtume mtoto alifuate. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na hata karibu na ufukwe linaweza kushuka ghafla. Mwite mvuvi anayeyajua maji ya pale.

"Limetoka na madoa, ingawa picha ni safi"

Basi tatizo ni kombe. Mara nyingi ni alama za vidole na jasho. Lifute kwa kitambaa laini kikavu, na kuanzia hapo anayelishika alishike kwa kitako au kwa kitambaa mpaka picha iishe. Kama doa linabaki, lowesha kitambaa kidogo kwa maji yenye tone la sabuni ya maji, futa, ukaushe papo hapo. Usilitumbukize kwenye beseni. Gundi ya vibati na mbao ya kitako havipendi maji.

Usitumie majivu, dawa ya meno, steelwire wala chumvi na limau. Makombe mengi yamepakwa tabaka jembamba sana la rangi ya dhahabu au fedha, na mengine ni plastiki iliyopakwa. Ligonge taratibu kwa ukucha: likitoa sauti butu na likiwa jepesi kuliko unavyotarajia, ni plastiki.

SIMAMA ukiona rangi nyingine inachungulia chini ya dhahabu, kijivu au nyekundu ya shaba. Tabaka limeisha, na kila unavyosugua unalimaliza zaidi. Sikio likipinda pia usilinyooshe kwa mkono; vyuma hivi vya kumiminwa huvunjika bila kutoa onyo. Mpelekee sonara, muulize bei ya kulipaka upya kabla ya kumwachia, na umwonyeshe picha yake ya zamani ili ajue lilivyokuwa. Likirudi, lipige picha kwanza, soda ya bingwa imiminwe ndani yake baadaye.